Rozari kwa Sauti ya Juu

Wennappuwa, 9 Januari 2023

Mwanangu Iresha,

Salamu kutoka huku pwani. Natumaini wewe na mjukuu wangu Nethmi hamjambo, na kwamba baridi ya milimani haijawapa mafua. Mimi nipo, namshukuru Mungu, isipokuwa hili goti la kushoto, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio.

Usishangae kupata barua ya kalamu. Simu yangu alininunulia mume wako, laini ameisajili yeye, na kila ninachoandika humo anakisoma huko Italia kabla sijavua miwani. Maneno ya wanawake wawili hayahitaji mwanamume wa kuchungulia, hata kama nimemzaa mimi.

Kwa hiyo ni kweli. Tangu Oktoba nasikia minong'ono dukani: Iresha amemtoroka Sudesh, amembeba mtoto kutoka Verona mpaka nyumbani, na hajakanyaga kwa mkwewe. Nikawaambia mnasema uongo, mimi nimeondoka kule Septemba baada ya mwaka mzima wa kumlea mtoto, nimewaacha wanakula chungu kimoja. Juzi binti wa fundi saa, aliyeolewa huko kwenu, akaapa kwamba amekuona kwa mama yako mdogo Sriyani, nyuma ya duka la mbegu, kwenye geti la bluu. Nikaondoka dukani nimesahau chenji.

Mwanangu, najua Sudesh ana mkono mwepesi. Baba yake naye alikuwa nao, nikakaa miaka thelathini na mmoja, na siku ya kumzika nililia kweli. Mke hujenga nyumba kwa subira. Sudesh analia kwenye simu, mwanamume mzima na ndevu zake. Aliniuliza mko wapi, nami sikuona sababu ya kumficha baba mahali alipo mtoto wake. Nimemwelekeza kama nilivyoelekezwa. Sasa atatulia.

Nimemtuma dereva wa samaki akuletee haluwa nyeusi, nimeipika mwenyewe saa nne mfululizo. Kipande cha pembeni chenye korosho nyingi ni cha Nethmi. Usimnyime kwa kisingizio cha meno.

Mama yako,
Engaltina

*

Bandarawela, 23 Februari 2023

Mama Sudesh,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili. Natumaini goti limepoa. Haluwa ilifika. Nethmi alikula kipande chake cha korosho, iliyobaki nikawapa majirani.

Wiki iliyopita alikuja mtu wa mahakama na bahasha. Juu yake pameandikwa: kwa Sriyani, nyuma ya duka la mbegu, geti la bluu. Sudesh hajawahi kufika Bandarawela tangu azaliwe. Sina haja ya kuuliza nani alimchorea ramani.

Nikueleze kilichomo, kwa sababu nadhani hujui ulichokifanya. Kuna mkataba wa mataifa mengi, Italia imo na sisi tumo. Mzazi akimwondoa mtoto katika nchi anayoishi bila idhini ya mwenzake, mtoto anarudishwa kwanza, na ugomvi wao wataumalizia huko alikotoka. Sudesh ameomba Nethmi arudishwe Verona. Nimekwenda Kolombo kwa wakili anayejua mambo haya, Bi Sivapalan. Mama mfupi, hacheki. Nikaanza kumweleza jinsi ninavyompenda mwanangu, akanikata.

"Dada, usinieleze kwamba wewe ni mama mzuri. Mahakama hii haiulizi hilo. Inauliza mtoto alikuwa akiishi wapi. Verona? Basi anarudi. Umebakiwa na tundu moja tu la kupita, nalo ni kuonyesha kwamba akirudishwa atakuwa kwenye hatari kubwa. Na mwenye mzigo wa kuonyesha ni wewe, sio yeye."

Nikamweleza kipigo. Akauliza, uliita polisi? Sikuita, kibali changu cha kukaa kule kilitegemea kazi na jina la Sudesh. Hospitali? Nilisema nimeteleza kwenye ngazi. Majirani? Hawakusikia kitu. "Nyumba za ghorofa, ukuta kwa ukuta, na hawakusikia?" Jibu la swali hilo, Mama Sudesh, ni wewe.

Unakumbuka? Akianza kunipiga, wewe unachukua rozari yako, unakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, unasali. Nikilia, unapandisha sauti. Nikipiga kelele, unapandisha tena, Salamu Maria umejaa neema, mpaka yule mzee wa Kiitalia wa ghorofa ya chini akawa ananiambia kwenye ngazi, "Hongera, mna bibi mcha Mungu." Nililia chini ya rozari yako mwaka mzima. Mimi siwezi kusahau, na sasa nahitaji shahidi, na shahidi pekee ni mtu aliyehakikisha hakuna shahidi mwingine.

Mkweo,
Iresha

*

Wennappuwa, 6 Machi 2023

Mwanangu Iresha,

Nimepata barua yako, nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa nimesimama. Natumaini Nethmi hajambo. Mimi si mgonjwa wala si mzima.

Kuhusu anwani, nisamehe. Naapa kwa roho ya marehemu sikujua kuna mikataba ya mataifa. Nilidhani atapanda ndege, atakuja na biskuti, atapiga magoti, kama wanaume wanavyofanya. Mimi ni mwanamke wa kukausha samaki, nitajuaje kwamba siku hizi mtu akimtaka mkewe anaandikia serikali?

Lakini hilo la pili, hapana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sudesh ni mwanangu wa pekee, nilimpata baada ya mimba nne kuharibika. Unataka nisimame mbele ya jaji nimvue nguo mwanangu? Hapa mtaani nusu ya nyumba zina mtu Italia, na kila nyumba ina habari yake, je, umewahi kusikia mama mmoja amekwenda kusema? Watu wa kwetu hawapeleki mambo ya ndani polisi. Wanapeleka kwa Mama Maria.

Wala usidhani nilikaa pale kama gogo. Nilisali kwa sauti ili nisikusikie. Basi, nimesema. Na sikuishia kusali. Kila ilipotokea nilimwandikia Mama Maria wa Msaada wa Daima, kwa tarehe, kama tulivyofundishwa tangu utoto, nikampelekea. Nilifanya la kwangu. Yeye ndiye hajafanya la kwake.

Usinikasirikie. Nitumie picha ya Nethmi, ya karatasi, sio ya simu.

Mama yako,
Engaltina

*

Bandarawela, 18 Machi 2023

Mama Sudesh,

Shikamoo. Picha hiyo hapo, amevaa sweta la mama Sriyani ndiyo maana mikono haionekani.

Nilimsomea Bi Sivapalan barua yako kwa simu. Nilipofika kwenye "kwa tarehe" nilisikia kiti chake kikianguka. Anauliza, nami nauliza: maandishi gani? Yako wapi? Mangapi? Jibu haraka, nakuomba.

Mkweo,
Iresha

*

Wennappuwa, 29 Machi 2023

Mwanangu Iresha,

Wakili wako aangalie viti vyake. Natumaini hamjambo wote. Picha nimeiweka kwenye kabati la Moyo Mtakatifu.

Nakujibu kwa sababu umeuliza, sio kwa sababu nimekubali. Unajua novena yetu ya Jumatano. Mwenye shida anaandika ombi kwenye karatasi, anatumbukiza kwenye sanduku lililo miguuni pa picha, na aliyejibiwa anaandika shukrani. Kule Verona kuna misa ya lugha yetu, sanduku pia lipo, lakini nilimwambia Padre wa kule kwa heshima zote kwamba Mama Maria wa pale hanijui. Nilitaka yule wa kwangu. Kwa hiyo niliandika, nikafunga bahasha, nikampa yeyote anayesafiri kuja nyumbani, kama tunavyotumiana jibini na dawa za presha. Juu ya bahasha niliandika jina la msafiri na siku, ili asinichezee. Huku alipokea Siril, mtunza sakristia, akatumbukiza kwenye sanduku.

Niliandika kumi na moja. Jina langu kamili, anwani ya Verona, tarehe, na shida yenyewe bila kupindapinda. Usinicheke. Parokia hii ina akina Engaltina wanne, na mmoja wao ni yule wa kiwanda cha vigae, mwongo kupindukia. Sikutaka msaada wangu uende kwake.

Kwa desturi maombi yote huchomwa mkesha wa sikukuu, tarehe 26 Juni, moshi upande mbinguni. Yangu yalipaswa kuchomwa mwaka jana. Lakini unakumbuka tulivyosikia tukiwa Verona mwaka jana, mafuta hayakuonekana nchini, wavuvi walikesha kwenye foleni na madumu. Padre akasema ni dhambi kumwagia karatasi mafuta ya taa wakati watu hawana ya kupikia. Siril akayafunga kwenye gunia. Yamo humo mpaka leo, yanangoja moto wa mwaka huu.

Nilimwuliza Padre kama ni halali kumnyang'anya Mama Maria barua zake. Akacheka yule mtoto, hajafika hata miaka arobaini. Akasema, "Mama Engaltina, yeye ameshasoma. Karatasi ni zako. Lakini usije ukasema Padre ndiye aliyekutuma." Unaona wanaume.

Mwanangu, sijaamua. Nikifungua gunia lile namfungua mwanangu. Nipe muda, wala usiniandikie kunisukuma.

Mama yako,
Engaltina

*

Bandarawela, 20 Mei 2023

Mama Sudesh,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekaa kimya karibu miezi miwili kama ulivyotaka, na wewe umekaa kimya zaidi.

Kesi itasikilizwa tarehe 4 Julai. Sudesh ameleta ahadi kupitia wakili wake: nikirudi na mtoto atahama nyumba, hatanikaribia, atalipa kodi, ataenda kwa mshauri wa hasira. Bi Sivapalan anasema majaji hupenda ahadi kama hizo, maana zinawaruhusu kumrudisha mtoto na kulala vizuri. Anasema bila ushahidi itakuwa neno langu dhidi ya lake, na yeye analia vizuri sana. Akirudishwa, Nethmi ataondoka na ndege mwezi wa nane. Mimi naweza kumfuata au kubaki, sheria haijali. Nitamfuata, unajua nitamfuata, na tutarudi kwenye ngazi ile ile.

Sikuandikii kukusukuma. Nakuandikia habari ya mjukuu wako, kwa sababu uliomba habari zake.

Juzi mama Sriyani alikuwa anagombana na muuza gesi getini. Hakuna matusi, alikuwa anamtania tu kwa sauti kubwa, unamjua alivyo. Nethmi alikuwa mezani anachora. Akaweka penseli chini, akakaa wima, akakunja mikono, akaanza, "Salamu Maria, umejaa neema," haraka haraka, kwa sauti ya juu. Muuza gesi akacheka, akapandisha sauti kumjibu Sriyani, na Nethmi akapandisha yake. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alisali mpaka pikipiki ya gesi ikaondoka, kisha akachukua penseli akaendelea kuchora kuku.

Sio mara ya kwanza. Sufuria ikianguka, anasali. Mlango ukijibamiza kwa upepo, anasali. Ana miaka mitano. Ofisa wa ustawi aliyetumwa kuzungumza naye alimwuliza kwa nini anasali vile, akamjibu, "Ukisali kwa nguvu, Mama hapigwi." Kisha akafikiri, akasema, "Anapigwa, lakini husikii."

Amejifunza kwako, Mama. Hakuna mwingine aliyemfundisha.

Mkweo,
Iresha

*

Wennappuwa, 12 Juni 2023

Mwanangu Iresha,

Sitauliza hali leo. Barua yako ilinikuta nachambua samaki, nikawaacha juani, paka wamekula mpaka wamechoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Siril. Akasema, Mama, zimebaki wiki mbili tuchome, unatafuta nini humo ndani? Nikamwambia natafuta mwanangu. Alidhani nimepagawa, lakini akanishushia gunia. Tumekaa sakristia tangu asubuhi mpaka kengele ya saa sita, karatasi mia kadhaa, mwanamke mmoja anaomba mume, mwingine anaomba wake afe, mtu anaomba visa ya Italia mara tisa. Nimeyapata tisa ya kwangu. Mawili yameliwa na mchwa.

Sikuwahi kuyasoma baada ya kuyaandika. Nikunakilie mawili, ili ujue nilijua.

"12 Septemba 2021, Jumapili. Mama Maria, leo baada ya misa Sudesh amempiga Iresha kwa mkanda, kisa mchuzi wa dengu una chumvi. Iresha alikuwa amembeba mtoto. Naomba umtulize mwanangu. Aliyepika mchuzi ni mimi, sikusema."

"6 Februari 2022, Jumapili. Mama Maria, leo Nethmi alisimama katikati yao. Kikombe kilichorushwa kimempata kwenye paji la uso, nyuzi tatu. Tumemwambia daktari amejigonga kwenye meza. Aliyesema hivyo ni mimi. Naomba kovu lisibaki, na kama kuna wa kuadhibiwa usimwadhibu Sudesh, niadhibu mimi niliyemlea."

Kovu lilibaki. Na adhabu nimeipata, imekaa mezani Bandarawela inachora kuku.

Iresha, nilidhani nimeficha aibu ya nyumba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimficha mwanangu ndani ya sala, na mjukuu wangu akaingia humo humo kujificha. Nisamehe. Huna haja ya kunijibu hilo.

Nitakuja Kolombo. Msafiri mmoja aliyeleta bahasha, mke wa mpiga picha, amekubali kuja kuapa kwamba mwandiko wa tarehe ni wa siku ile. Kwanza nilimpigia Sudesh, sikutaka asikie kwa wakili. Nikamwambia, nakwenda kusema nilichokiona. Akaniuliza, "Wewe ni mama wa nani?" Nikamwambia, wako, ndiyo maana. Akakata. Ameikata na laini pia, kwa hiyo sasa naweza kusema chochote maana hakuna anayenisoma.

Mama yako,
Engaltina

*

Wennappuwa, 8 Julai 2023

Mwanangu Iresha,

Natumaini mlifika salama. Mimi nilifika, goti limevimba kama papai.

Nisamehe niliondoka mahakamani bila kukuaga. Ulikuwa unakuja na mikono imefunguliwa, nami nikaona nikikumbatiwa pale nitalia mbele ya walinzi. Nikaingia kwenye basi la kwanza, ambalo hata halikuwa la huku. Nimezunguka Kolombo nzima.

Sikutarajia uso wa Sudesh ukutani. Hukuniambia kwamba atakuwa kwenye luninga kutoka Italia. Amekonda. Nilipokuwa nasoma ile ya kikombe, nilimwona anashika paji la uso wake yeye mwenyewe, mahali pale pale. Wewe uliangalia chini, kwa hiyo nakuambia. Sijui maana yake. Mimi ni mama, nitaihifadhi.

Na yule wakili wake, kijana wa suti ya kubana! "Mama, una ugomvi gani na mwanao?" Nilimjibu ulivyosikia, kwamba nampenda, na nisingempenda ningemwacha aendelee. Jaji aliandika kwa muda mrefu. Labda alikuwa anaandika orodha ya sokoni, majaji ni watu.

Sasa tunangoja. Tarehe 26 walichoma maombi, moshi mwingi mno, Siril karatasi zimemlemea. Tisa hazikuwamo.

Mama yako,
Engaltina

*

Bandarawela, 31 Agosti 2023

Mama,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena. Goti halijambo? Kaa chini kwanza, au simama, vyovyote, lakini soma.

Harudi. Nethmi harudi! Hukumu imesomwa jana. Bi Sivapalan alinipigia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilisikia anacheka, kicheko chake kidogo, kama mtu anayepiga chafya. Nimeketi kwenye ngazi za posta nimelia mpaka karani akaniletea maji.

Nikueleze kwa ufupi. Jaji amesema kweli nilimchukua mtoto isivyo halali, hilo halikwepeki, na limeniuma kulisikia. Lakini akasema hatari kwa mtoto haipimwi kwa makofi aliyopigwa yeye peke yake. Mtoto anayeishi ndani ya nyumba ambamo mama yake anapigwa naye yumo ndani ya kipigo, na huyu zaidi ya hayo ana kovu. Ahadi za Sudesh amezikataa. Ameuliza, mtu aliyeweza kuwafanya daktari, majirani na mama yake mzazi wanyamaze, nani atamsimamia atimize ahadi? Ukurasa mzima ameandika juu ya karatasi zako. Amesema ziliandikwa na mtu ambaye hakutarajia zisomwe na mahakama yoyote ya duniani, tena mtu aliyekuwa akimwombea huyo huyo anayedaiwa kupiga, na kwa hiyo anaziamini. Mama, umeaminiwa na serikali! Mwambie yule Engaltina wa kiwanda cha vigae.

Mambo hayajaisha yote. Sudesh anaweza kukata rufaa, anaweza kuja kudai malezi hapa hapa, na kila Jumapili ataongea na Nethmi kwa simu yenye picha, Sriyani akiwa amekaa kando. Nimekubali bila kinyongo. Ni baba yake. Lakini hakuna ndege. Hakuna ngazi ile. Jana nililala saa moja jioni nikaamka saa tatu asubuhi, Sriyani akadhani nimekufa, akaja kunifinya.

Leo amepika wali wa tui, amekata vipande vya pembe nne kama siku ya mwaka mpya, majirani wote wamekula, hata muuza gesi. Kipande kimoja nilikiweka pembeni, nikajikuta nasema hiki cha Mama. Kisha nikakumbuka uko mbali, nikakila mwenyewe. Kwa hiyo njoo ukile mwingine. Panda treni, keti dirishani upande wa kulia uone milima. Sriyani atakununia siku mbili, usimjali. Nethmi ameniuliza kama utakuja na haluwa, na kama korosho zipo.

Yale uliyoniambia nisikujibu, nayajibu. Nimekusamehe. Sio yote kwa siku moja, Mama, sitakudanganya, kuna asubuhi bado naisikia ile rozari. Lakini nimekusamehe.

Mwanao,
Iresha

*

Wennappuwa, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Iresha,

Nimefika salama. Treni ilichelewa kwa saa tatu, nikapata mchumba, mzee mmoja wa Polgahawela asiye na meno. Tumeachana stesheni kwa amani. Natumaini nyote hamjambo, na mwambie Sriyani kwamba aliyenipa achari ya embe ya kubeba hawezi tena kudai kwamba amenuna.

Sudesh alipiga jana, kwenye namba mpya, sijui ameipata kwa nani. Hakutoa salamu. Akauliza, "Goti?" Nikasema linauma. Akakata. Nimefurahi, Iresha. Nimekaa jikoni nimefurahi kama mjinga. Wewe usilazimike kufurahi, nimekuambia tu.

Jumatano nitatumbukiza karatasi ya shukrani. Nimeiandika fupi, jina kamili na anwani, maana yule mwingine bado yu hai.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko. Ile siku ya Alhamisi mlipokwenda sokoni, nilibaki na Nethmi. Nilikuwa nakoroga dengu, mkono ukateleza, kifuniko cha ile sufuria kubwa kikaanguka kwenye sakafu. Unajua kelele yake. Kikazunguka, kikalia, hakinyamazi. Nethmi alikuwa mezani anachora. Akaweka penseli chini. Akakaa wima. Nikaona kifua kinavuta pumzi na mdomo unafunguka, na mimi nimesimama nimeshika mwiko, nangoja nisikie sauti yangu inatoka kwa yule mtoto.

Akanitazama. Akatazama kifuniko.

Akasema, "Bibi, kimeingia chini ya kabati. Okota wewe, mimi nina rangi mikononi."

Nikapiga magoti, na hili goti langu, nikakiokota.

Bibi yake Nethmi,
Engaltina